Mliomcheka Olita, kaeni kwanza

Wajukuu zangu, mmecheka vya kutosha, na sikuwakataza. Damu ya kwenye Rise and Fall of Idi Amin ni rangi tupu, hata mtoto wa chekechea anaiona. Muziki unapiga kelele hatari ikiwa bado iko njiani. Mkuu wa nchi anatumbua macho mpaka unamhurumia. Mmoja wenu akauliza kama hakuna nakala iliyosimuliwa na DJ Afro, angalau ipate ladha. Sawa. Nimechoka kugombana na vijana, na kucheka si dhambi. Ila kabla hamjaifuta kwenye flashi mpate nafasi ya muvi nyingine, kaeni kidogo. Nina machache, na sauti yangu siku hizi haidumu.

Sinema hii ilitoka mwaka wa 1981. Kampala ilikuwa imetekwa tarehe 11 Aprili 1979 na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Kwa hiyo walioitazama mara ya kwanza walitazama jambo la juzi. Kulikuwa na watu kwenye mwambao wetu huu, kutoka Busia hadi Homa Bay, ambao bado walikuwa wakiulizana nani amerudi kutoka Jinja na nani hajaonekana. Baada ya makomando wa Israeli kuvamia Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, na ndege zao kutia mafuta Nairobi, askari wa Amin waliwageukia Wakenya waliokuwa Uganda. Waliuawa kwa mamia. Wengi walikuwa watu wa kazi za mikono, watu wa reli, wa viwanda, wa mashamba ya miwa. Nyinyi mnaiona Entebbe kwenye sinema mnashangilia ndege. Kwa wenzangu sehemu ile ilikuwa ya kutazama chini.

Tena mkumbuke nani aliyeshika kamera. Sharad Patel alikuwa Mhindi wa Kenya, na sinema yake aliipigia hapa hapa nchini. Mwezi wa Agosti 1972 Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 wafunge virago. Hapa Kisumu wenye maduka waliifuata habari ile kwenye redio wakiwa wamepunguza sauti, maana anayesikia jirani anafukuzwa huanza kuhesabu mali yake mwenyewe. Miaka tisa baadaye mmoja wa watu wa jamii hiyo anaitoa habari yenyewe kwenye sinema, kwa jina la mhusika, pasipo kumficha kwenye ngano ya simba na sungura. Hilo lilikuwa jambo. Hatukuwa tumezoea. Sinema tuliyoijua vijijini ilikuwa ile ya gari lililopita mchana likitangaza “sinema leo”, usiku shuka likatundikwa kwenye uwanja wa shule, ukaoneshwa matangazo ya sabuni na dawa ya meno mpaka mbu wakuchoke, ndipo kichekesho kifupi kianze. Mwanasiasa hakuwamo humo. Mwanasiasa alikuwa kwenye taarifa ya habari, akipokea maua.

Halafu Olita, aliyemwigiza Amin. Mnamcheka Joseph Olita na hamjui kwamba ni mtu wa huku kwetu, mwana wa Siaya. Kamera za wageni zilikuwa zimeingia Kenya muda mrefu: walipiga Mogambo iliyotoka 1953, wakapiga Born Free iliyotoka 1966. Mwafrika akionekana ni yule wa nyuma, amebeba mizigo, anaonesha njia, anaogopa kabla ya bwana. Kisha anatokea mtu wa Siaya, amejaa kwenye pazia kutoka ukingo hadi ukingo, na Wazungu ndio wanaotetemeka pembeni. Alifanana na Amin kiasi cha kutisha. Kimo, shingo, mashavu. Itazameni tena mkiwa mmezima sauti. Mtaona jinsi anavyocheka halafu kicheko kinakatika usoni na macho yanabaki pale pale. Hiyo haikuandikwa na mtu kwenye karatasi. Mira Nair alipohitaji Amin kwa ajili ya Mississippi Masala, mwaka wa 1991, hakuhangaika, alimwita Olita yule yule. Alifariki Juni 2014 huko huko Siaya. Najua wachache wenu walikuwa hata wamelisikia jina lake.

Mnapenda The Last King of Scotland, ile ya 2006, na mna haki. Imepigwa Uganda kwenyewe, rangi zake zinapendeza, na Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili yake, akapewa Oscar mwaka wa 2007. Ni mwigizaji hodari, simnyimi. Lakini tazameni hadithi inamfuata nani. Inamfuata daktari kijana wa Kiskoti ambaye hakuwahi kuzaliwa na mtu. Ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden. Waganda wanakufa ili kijana yule ajifunze kitu kuhusu nafsi yake. Sinema ya Patel, pamoja na ubaya wake wote, haikuomba ruhusa ya Mskoti.

Mtanisikia nikiisifu mdhani ninaitetea. Hapana. Nimeitazama tena pamoja nanyi, kwa macho haya yenye mtoto wa jicho, na kuna jambo limenikera ambalo halihusiani na rangi ya damu. Ndilo nililowaitia. Nitalifikia, ila kwanza hili.

Mnasema zamani hii ilikuwa sinema ya kuthubutu. Ni kweli watu waliisema hivyo, hata mimi nimewaambia hivyo. Sasa jifunzeni kuuliza swali moja kila mnapoambiwa kazi fulani ilithubutu: aliyesemwa alikuwa wapi siku ile, na mkono wake ulifika wapi? Mwaka wa 1981 Amin alikuwa uhamishoni. Alikimbilia Libya, kisha akapewa makao Saudi Arabia, na huko aliishi mpaka alipokufa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, juu ya kitanda cha hospitali. Hakuwa na jeshi wala redio. Ukienda ufuoni Dunga ukamkuta kiboko amekufa, vijana wanampanda mgongoni na kupigwa picha, huwezi kusema hawana nguvu za miguu. Ila usiwaite wawindaji.

Mtu wa kumwita hivyo yupo. Anaitwa Byron Kawadwa. Alikuwa mwandishi wa tamthilia na mkuu wa Jumba la Taifa la Maigizo la Uganda, Kampala, Amin akiwa bado kwenye kiti. Aliandika mchezo wa kuimba kwa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, wimbo wa jogoo, juu ya mtu anayepora utawala usio wake. Mwaka wa 1977 kikundi chake kikaupeleka Lagos kwenye tamasha la FESTAC, mbele ya watu weusi wa dunia nzima. Waliporudi nyumbani Kawadwa alikamatwa, akauawa. Hakumtaja Amin kwa jina. Alimtaja jogoo. Sasa wekeni pamoja: mmoja alitaja jogoo na akafa, mwingine alitaja jina kamili pamoja na cheo na akauza tiketi. Simlaumu Patel kwa kuishi. Nawaomba tu mjue nani alilipa nini.

Katikati yao yuko Mswisi, Barbet Schroeder. Mwaka wa 1974 alimfuata Amin na kamera, kwa ruhusa ya Amin mwenyewe, naye Amin akajiigiza: akaongoza mazoezi ya vita, akapiga kodiani, akawapigia makelele mawaziri wake. Sinema ilipooneshwa Ulaya, Amin akapata habari ya vipande asivyovipenda. Akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda hotelini, akawapa namba ya simu ya Schroeder, wampigie wamwambie akate. Schroeder akakata. Alirudisha vipande hivyo Amin alipokwisha kuanguka. Ninaipenda habari hii kwa sababu inaonesha mkono wa mtawala ukipimwa: Kampala ulimfikia Kawadwa shingoni, Paris ulifika kwenye mkasi tu, na kufikia 1981 haukufika popote.

Na yule mzee wa Kiingereza mliyemcheka zaidi, mkasema hajui kuigiza? Ni kweli hajui. Ni Denis Hills mwenyewe. Mwaka wa 1975 alihukumiwa kufa kwa yale aliyomwandika Amin kwenye mswada wa kitabu, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, James Callaghan, akalazimika kusafiri mpaka Kampala kumchukua. Patel akampata, akamwambia acheze nafsi yake. Kwa hiyo pale anapokaa hajui aweke wapi mikono, huyo ni mtu ambaye kweli aliwahi kukaa akisubiri kupigwa risasi. Mkirudia sehemu hiyo msicheke. Au chekeni, lakini mkijua.

Sasa kile kilichonikera. Ni friji. Mnaijua sehemu ile, ndiyo mliyoirudisha nyuma mara mbili. Vichwa ndani ya friji, na Amin akila nyama ya mtu. Maneno hayo yalizungumzwa sana enzi hizo, magazeti ya Ulaya yaliyapenda, na hayakupata kuthibitishwa na mtu. Lakini yaliyothibitishwa yalitosha! Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, serikali ikasema ni ajali ya gari. Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa na askari mwaka wa 1972 akiwa mahakamani kwake, hakuonekana tena. Nani anahitaji friji baada ya hayo? Friji ina kazi yake, na kazi yake si njema. Inamfanya Amin asiwe mtu. Akishakuwa zimwi, basi jambo lake ni jambo la mazimwi, na sisi binadamu tuliokaa ng'ambo hii ya ziwa tunarudi nyumbani salama, tumeshiba hofu na kiburi kwa pamoja. “Waganda hao!” Hayo ndiyo maneno yaliyosikika watu wakitoka ukumbini.

Ila kufukuza watu hakukuanza na Amin. Oktoba 1970 aliyewafukuza wafanyakazi Wakenya kutoka Uganda kwa maelfu, wengi wao Wajaluo, alikuwa Milton Obote, rais aliyemtangulia Amin. Watu walishuka Kisumu na magodoro na cherehani. Sinema haina habari hiyo, maana ingeharibu mstari: kabla ya zimwi amani, baada ya zimwi amani. Jina lenyewe limeshaahidi kwamba kuna kuanguka na hapo mambo yanaisha. Na mwaka ule ule wa 1981 ilipokuwa ikitoka, Obote alikuwa amerudi Ikulu, vita vya msituni vimeanza Februari kwa shambulio la Kabamba, na Luwero ikaanza kujaa mafuvu ya watu wengine kabisa. Watazamaji walikuwa wakilipa kuona yaliyopita huku yale yale yakiendelea mwendo wa siku moja kwa basi.

Wala Amin hakuwa mjinga tu alipotazama ramani. Februari 1976 alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Kenya, karibu kufika Nairobi, ilikuwa ya Uganda. Kenya nzima iliandamana, na Mombasa wapakuzi wa bandari wakagoma kugusa shehena ya Uganda. Kwenye sinema jambo la namna hiyo linapita kama wazimu. Lakini mtu wa Kisumu anayesoma hawezi kucheka moja kwa moja, kwa kuwa reli ilipofika hapa Desemba 1901, mji wetu ulikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Waingereza waliuhamishia upande huu Aprili 1902 kwa kalamu. Amin alikuwa na hoja, akaitumia vibaya, na mtu mbaya mwenye nusu ya hoja ndiye wa kuogopwa. Nyinyi mliokua na habari za Migingo, jiwe lile lililoezekwa mabati kutoka ufuo hadi ufuo, polisi wa nchi mbili wakigombea ushuru wa mbuta, mnaelewa ninachosema kuliko walioitazama sinema hii wakati wangu.

Na huku kwetu je? Hapo ndipo nilipochoka kweli, siku ile tulipozima runinga.

Mwaka wa 1977 wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda. Novemba kibali kikafutwa, na siku ya mwisho ya mwaka mmoja wa waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akachukuliwa kwenda kizuizini. Mapema 1982 mchezo mwingine wao, Maitu Njugira, ukafungiwa mlango wa Jumba la Taifa la Maigizo la Kenya, kisha jukwaa lao la Kamirithu likabomolewa. Kati ya hapo na pale, katika nchi hiyo hiyo, chini ya sheria hiyo hiyo ya filamu na michezo ya jukwaani, Patel alipiga sinema kuhusu dikteta, na hakuna aliyembomolea kitu. Mnaona? Dikteta alikuwa wa jirani. Kumcheka jirani kuliruhusiwa, tena kulisaidia; ukishamwona Olita na friji, chifu wako anayekudai kadi ya chama anaonekana malaika. Juni 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti, Jaramogi Oginga Odinga, mpinzani wa serikali, akafungiwa nyumbani kwake hapa Kisumu. Februari 1990 mbunge wetu wa Kisumu, Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, akatoweka nyumbani kwake Koru, na maiti yake ikapatikana Got Alila, imechomwa. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo kile. Mimi sijaketi kwenye ukumbi nikaona Got Alila kwenye pazia, mwigizaji akiwa amevaa uso wa mtu mwenye jina. Mtanionesha mkiipata.

Nyuma zaidi iko ile ya Oktoba 25, 1969. Mzee Kenyatta alikuja hapa Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ndiyo maana mpaka kesho mnaiita Russia. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno hadharani. Umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi, na msafara ulipoondoka risasi zikaendelea barabarani. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Watu wa hapa hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku tano baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku. Vipande vya picha za habari vya mabishano yale vipo, mnaviona kwenye simu zenu, mnasambaziana matusi mnacheka. Waliolala chini hawamo kwenye vipande hivyo.

Msiniambie siku hizi ni tofauti. Kwa kiasi fulani ni tofauti, ndiyo, na nashukuru. Lakini aliyewaonesha tofauti hiyo imefika wapi hakuwa mtu mzima. Aprili 2025 wasichana wa Butere, hapo juu tu mkipanda kutoka Kisumu, walikwenda Nakuru kwenye tamasha la maigizo ya shule na mchezo uitwao Echoes of War. Mahakama ilikuwa imesema waachwe waigize. Mwandishi wao akakamatwa, waliotaka kutazama wakapigwa gesi ya machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka jukwaani. Wenye sketi za shule! Hao walikuwa karibu na mkono kuliko Patel alivyokuwa karibu na Amin siku yoyote. Sijui kama mchezo wao utapendeza ukitazamwa baada ya miaka 40. Pengine wajukuu wenu wataucheka, watasema sauti hazisikiki na mavazi ni ya kuazima. Mtakapowasikia wakicheka mtawaambia nini?

Nawaomba basi mambo mawili, na la kwanza ni dogo. Msiifute. Itazameni mara moja zaidi, friji ikifika mpeleke mbele, mbaki na Olita na yule mzee Hills. Sinema mbaya inaweza kubeba mtu mzuri ndani yake.

La pili lina kazi. Nyote mna simu zenye kamera inayopita ile ya Patel kwa kila kitu. Walioiona siku ya Russia wakiwa watoto wangali hai, ila si kwa muda mrefu. Kila Jumamosi tunazika. Hawahitaji mwigizaji wa kuwafanana wala damu ya rangi. Wanahitaji mtu wa kuwauliza na kunyamaza mpaka wamalize, jambo ambalo nyinyi linawapa shida. Ninamjua mama mmoja hapo Kondele ambaye alikuwa amebebwa mgongoni na dada yake, na dada anakumbuka kila kitu, hata viatu alivyovipoteza. Jumamosi hii hakuna mazishi upande wetu. Njooni mapema, jua halijawa kali, na mlete tuktuk, maana magoti yangu hayataki tena habari za boda.